Chano Pozo: Mpiga Tumba Aliyewafunza Wenzake Kungojana

Wapenzi wa taarabu hapa pwani wanajua kwamba zipo nyimbo zetu ambazo, zikianza tu, sikio hutambua mdundo usiokuwa wa Kiarabu, wala wa Kihindi, wala wa ngoma zetu za kiasili. Ni mdundo wa rumba. Ulitufikia ndani ya santuri zilizotoka kisiwa cha Cuba, ambazo zilianza kuuzwa kwa wingi katika Afrika miaka ya 1930. Wazee wetu waliusikia, wakaupenda, wakautia baina ya udi na fidla, ukawa kama uliozaliwa nasi.

Leo nataka kusimulia maisha ya mtu mmoja wa kisiwa hicho. Hakuwahi kufika kwetu. Aliishi miaka 33 tu, na katika hiyo ni miaka isiyofika miwili aliyofanya kazi Marekani. Lakini katika muda huo mfupi aliugeuza muziki wa jazi. Jina lake ni Luciano Pozo González, na ulimwengu unamjua kwa jina la Chano Pozo.

Kabla sijaanza, yanipasa nieleze nilivyomjua. Nilipokuwa kijana nilipiga dumbaki katika kikundi kidogo cha taarabu hapa Mombasa. Tuliobeba mdundo tulikuwa watatu: mwenye kinanda, mwenye gitaa la besi, na mimi. Nilikuwa na mikono myepesi, na nilijiona bingwa. Kila nilipoona nafasi, niliijaza. Usiku mmoja, arusini huko Kuze, mwenye kinanda, ambaye kwangu alikuwa mtu mzima wa kuamkiwa, aliinua mikono yake akaiweka magotini. Mwenye besi naye akanyamaza. Nikabaki napiga peke yangu mbele ya watu mpaka nikaona haya.

Siku ya pili yake mzee huyo aliniita kwake. Hakunigombeza. Aliweka santuri ya bendi ya Dizzy Gillespie, akanitaka nisikilize si yale anayoyapiga mpiga tumba, bali yale anayoyaacha. Mpiga tumba mwenyewe alikuwa Chano Pozo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia mtu huyu kila nilipopata habari zake.

Chano alizaliwa Havana, mji mkuu wa Cuba, tarehe 7 Januari, 1915. Utumwa katika kisiwa hicho ulikomeshwa mwaka wa 1886, kwa hivyo alipokuwa mtoto walikuwapo bado wazee wengi waliozaliwa watumwa. Mama yake alifariki angali mdogo. Alikulia katika nyumba kubwa ya kupanga, yenye ua mmoja katikati na vyumba pande zote, familia kila chumba. Nyumba hiyo iliitwa Afrika, na inasemekana kwamba zamani ilikuwa ikiwekwa watumwa. Katika ua huo ngoma haikukauka. Aliyekosa ngoma alipiga sanduku. Aliyekosa sanduku alipiga mlango.

Hakuwa mtoto mtulivu. Alipokuwa na miaka kama 13 alipelekwa katika shule ya watoto watukutu huko Guanajay. Huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika, na pia kunyosha mabodi ya magari yaliyobondeka. Huko ndiko alikoinoa mikono yake katika ngoma za kila aina. Alipotoka alifanya kazi yoyote iliyopatikana: alipiga viatu rangi, akauza magazeti barabarani, akawa dereva na mlinzi wa tajiri mmoja mwenye gazeti.

Aliingia pia katika chama cha siri cha Abakuá, ambacho wanachama wake husaidiana kama ndugu. Asili ya chama hicho ni watu waliochukuliwa utumwani kutoka pande za Calabar, karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni za leo, na kilianzishwa huko Cuba mwaka wa 1836. Imani yao si imani yetu, na sitaki kumpamba mtu kwa jambo ambalo sisi hatulifuati. Nalitaja kwa sababu midundo na nyimbo za chama hicho zilihifadhiwa kwa kupokezana mdomo kwa mdomo, mkono kwa mkono, kwa zaidi ya miaka 100, na Chano alikuwa mmoja wa waliozipokea. Bila ya hayo, asingekuwa na cha kuwafundisha Wamarekani.

Nyota yake ilianza kung'ara baada ya mwaka wa 1937, serikali ya Havana iliporuhusu tena gwaride za ngoma za mitaani zilizokuwa zimepigwa marufuku. Chano aliongoza na kutunga nyimbo za gwaride la mtaa wa Belén, na mwaka wa 1940 wimbo wake mmoja wa gwaride ukapata zawadi ya kwanza. Waimbaji wakubwa wakaanza kuimba tungo zake. Akawa mtu wa suti nyeupe, pete vidoleni na kofia ndefu, apitapo mtaani watoto wanamfuata.

Lakini ukali wake haukumtoka. Katikati ya miaka hiyo ya 1940 aligombana kuhusu malipo ya nyimbo zake, akapigwa risasi. Alipona, ila risasi moja ilikaa karibu na uti wa mgongo, madaktari wasithubutu kuitoa. Maisha yake yote yaliyobaki alipiga ngoma na chuma hicho mwilini, na maumivu yake.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1947 alifika New York. Rafiki yake Miguelito Valdés, mwimbaji kutoka Havana, ndiye aliyemtia moyo kwenda. Katika mji huo alikuwapo mpiga tarumbeta kijana, Dizzy Gillespie, mmoja wa mabingwa wa jazi mpya ya wakati ule. Dizzy alikuwa akitafuta mtu wa kupiga tumba katika bendi yake kubwa. Alimwuliza Mario Bauzá, Mcuba aliyewahi kupiga naye katika bendi moja, na Bauzá akamwonyesha Chano. Tarehe 29 Septemba, 1947 bendi hiyo ilipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, na Chano akiwa mbele na tumba zake, akipiga na kuimba kwa lugha za mababu. Watu waliokuja kusikia jazi walisikia kitu ambacho hawakuwa na jina lake.

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi yangu. Msomaji asidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi. Chano hakujua Kiingereza. Wenzake hawakujua Kihispania. Na zaidi ya lugha ya mdomo, hata lugha ya mikono yao ilikuwa mbalimbali.

Nieleze kidogo, kwa faida ya asiyepiga ala. Katika jazi ya siku zile, mpiga besi, ile fidla kubwa inayosimamishwa chini ikamzidi mtu kimo, alitembea hatua nne kwa kila kipimo, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka. Mpiga ngoma aliyumbisha mdundo kwa tasa lake, nusu ya kwanza ndefu na nusu ya pili fupi, kama mtu mwenye mguu mmoja mzito. Mpiga piano alinyunyiza sauti zake alipopenda.

Kwa Wacuba sivyo. Wao mapigo yao ni sawasawa, na juu yake wana mapigo matano wanayoyaita kwa neno lenye maana ya ufunguo. Matatu huja upande mmoja, mawili upande wa pili, kisha huanza tena. Ufunguo huo huenda usipigwe na mtu yeyote, lakini kila mpigaji anao kichwani, na anayeupindua huwa ameharibu wimbo mzima. Mpiga besi hatembei hatua zote nne. Huitangulia ile ya kwanza, akapiga kabla haijafika, na inapofika yeye yuko kimya. Mpiga tumba huachia sauti zake za wazi mwishoni mwa kipimo, pale ambapo wenzake wameacha mlango. Mpiga piano hurudia sauti zake zilizokatwakatwa, zikapenya baina ya hao wawili kama uzi baina ya nyuzi za mkeka.

Kwa hivyo piano, besi na tumba ni watu watatu wanaojenga ukuta mmoja, na kila mmoja anatia jiwe lake mahali ambapo mwenzake hakutia. Ukimsikiliza mmoja peke yake utaona kama anababaika. Ukiwasikiliza wote watatu utaona kwamba hapana hata tundu la sindano.

Sasa mtie Chano mwenye mapigo sawasawa katikati ya Wamarekani wenye kuyumba. Mara nyingine yeye alihesabu mwanzo wa wimbo mahali pamoja na wenzake mahali pengine. Dizzy alipoliona hilo hakumgombeza jukwaani. Alimwendea akamnong'oneza mdundo sikioni, kwa sauti tu bila maneno, na Chano akajigeuza papo hapo. Naye Chano hakuona kwamba amedharauliwa.

Na Chano alilipa deni hilo kwa njia yake. Bendi ilisafiri kwa basi, safari za usiku kucha. Ndani ya basi hilo aliwagawia wenzake ngoma, akampa kila mtu mdundo wake mmoja, yeye mwenyewe akapiga wake na kuimba mwingine juu yake. Kila mtu ilimbidi ashike chake huku akisikia cha mwenzake. Hapakuwa na ubao wala kitabu wala mkalimani. Alipotaka kusema jambo kuhusu yeye na Dizzy, aliwafahamisha kwa Kiingereza chake kibovu kwamba wao wawili hawasemi lugha moja ya Kizungu, lakini wote wawili wanasema Kiafrika.

Mwanafunzi wake aliyeshika zaidi ya wote alikuwa Al McKibbon, mpiga besi aliyekulia Detroit. Alikuwa hodari katika kutembea hatua zake nne. Chano alimfundisha kusimama. Alimfundisha ngoma kwanza, ili ajue tumba inataka nini kwa besi, na besi ikishindwa kunyamaza tumba inaumia namna gani. Mtu aliyewahi kupiga katika kikundi anajua kwamba hilo ni somo gumu kuliko kupiga mbio.

Tarehe 30 Desemba, 1947 walirikodi wimbo uliowatangaza wote. Katika studio piano ilikuwa kwa John Lewis, besi kwa McKibbon, ngoma za Kimarekani kwa Kenny Clarke, tumba kwa Chano. Wimbo unaitwa Manteca. Jina lenyewe si la kuvutia mezani kwetu, kwani kwa Kihispania ni mafuta ya nguruwe, na mitaani lilikuwa pia jina la kificho la bangi. Lakini namna ulivyotungwa ni ya ajabu. Chano hakujua kuandika muziki. Alisimama mbele ya Dizzy na mpangaji wa bendi, Gil Fuller, akaimba kwa mdomo sehemu ya besi, akaimba sehemu ya saksafoni, akaimba sehemu ya tarumbeta, moja juu ya moja. Dizzy aliona pamebaki pengo katikati, akatunga kipande cha kati kwa mtindo wa jazi. Wimbo ukawa wa nyumba mbili, na mlango wa kupitia toka moja hadi nyingine.

Sikiliza unavyoanza. Kwanza tumba na besi, basi. Hawashindani. Wanazungumza, huyu akimaliza neno huyu analipokea. Ndipo bendi nzima inapoingia. Hapo ndipo mzee wangu wa kinanda aliponyosha kidole, na hapo ndipo nilipofahamu kosa langu la Kuze.

Mapema mwaka wa 1948 bendi ilikwenda Ulaya, ikapiga Uswidi, Ubelgiji na Ufaransa, na mwezi wa Februari mjini Paris ukumbi ulijaa. Sifa za Chano zikaenea. Lakini baadaye mwaka huo, bendi ilipozunguka kusini mwa Marekani, mambo yalibadilika. Wakati ule mtu mweusi huko hakuruhusiwa kula, kulala wala kukaa na wazungu. Chano alikuwa mtu mwenye kujithamini sana, na jambo hilo lilimchoma. Juu ya hayo tumba zake zikaibiwa. Akaiacha bendi njiani, akarudi New York.

La kusikitisha ni kwamba yaliyofuata hayakuwa ya kutupiwa watu wengine lawama yote. Alinunua bangi kwa mtu mmoja huko Harlem, akaona amepunjwa, bangi ni mbaya. Alimkabili muuzaji huyo mbele ya watu na kumpiga. Tarehe 2 Desemba, 1948 mtu huyo alimfuata katika baa moja ya Harlem, akampiga risasi akafa. Inasimuliwa kwamba wakati ule mashini ya santuri ya kutia senti ilikuwa ikipiga Manteca. Mwili wake ulirudishwa Havana, ukazikwa katika makaburi ya Colón. Hakuwa ametimiza miaka 34.

Nimefikiri sana juu ya mauti hayo. Mtu huyu aliwafunza wageni, bila lugha, kungoja zamu, kumwachia mwenzako nafasi, kunyamaza pale ambapo kunyamaza kuna maana zaidi kuliko kupiga. Akiwa na ngoma mbele yake, hakuna aliyemzidi kwa subira. Akiiweka ngoma chini, hakuweza kungoja hata siku moja hasira zipoe. Na ulevi ule wa bangi, ambao wazee wetu hawakuchoka kutuonya nao, ndio uliokuwa sababu ya ugomvi wenyewe. Sisemi haya kwa kumhukumu. Hukumu si yangu. Nasema kwa sababu ni hasara, na hasara hutajwa.

Hata hivyo alichofundisha hakikufa naye, kwa kuwa hakukiweka katika mikono yake peke yake. McKibbon alikichukua. Mwaka wa 1953 alikuwa katika kikundi cha George Shearing, mpiga piano kipofu kutoka London, pamoja na mpiga tumba wa Cuba, Armando Peraza. Hapo piano, besi na tumba zilikaa karibu, bila bendi kubwa ya kuzificha, na wengi wakajifunza kwao. Naye Ray Barretto, kijana wa New York aliyekuwa askari Ujerumani, alisikia santuri ya Manteca huko huko kambini, akaamua kwamba tumba ndiyo itakayokuwa kazi yake. Akaja kuwa mmoja wa wakubwa wake.

Mwaka wa 2001 ilitoka sahani ya wazee watatu wa Cuba walioishi mbali na kwao miaka mingi: Bebo Valdés kwenye piano, Israel López, aitwaye Cachao, kwenye besi, na Carlos Valdés, aitwaye Patato, kwenye tumba. Bebo na Cachao walikuwa wamepita miaka 80. Wote watatu wamekwisha kufariki. Ukiisikiliza sahani hiyo utaona kwamba hapana anayekimbia. Piano inauliza, tumba inajibu kwa pigo moja, besi inacheka kando. Mikono ya wazee haina nguvu za kujaza kila nafasi, na haina haja. Nikiwasikiliza, hufikiri kwamba hivyo ndivyo ambavyo Chano naye angepiga uzeeni, laiti angejaliwa kuufikia.

Nami nina la kuungama kabla sijaweka kalamu. Kikundi chetu kiliendelea miaka kadha baada ya usiku ule wa Kuze, na nadhani nilipata kuwa mpiga dumbaki wa kutumainiwa. Kisha siku moja, baada ya arusi, tuligombana juu ya fedha. Zilikuwa shilingi chache. Nilitoa maneno makali, nikafunga dumbaki langu katika kikoi, nikaondoka. Mzee wa kinanda aliniletea ujumbe mara mbili. Mara zote mbili nilijibu kwamba nitakwenda, na sikwenda, kwa kiburi tu. Mara ya tatu ujumbe uliokuja ulikuwa wa kunipasha habari ya mazishi yake.

Nilibeba jeneza lake pamoja na yule mwenye besi, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Tulikwenda hatua moja mpaka makaburini, bila kusemezana, kama tulivyokuwa tukienda zamani katika nyimbo. Mwenye kinanda hakuwapo kutusikia.

Wahenga walisema hasira hasara. Chano Pozo aliijua hesabu ya mapigo yote, hii ikampita. Mimi nilifunzwa hesabu hiyo kwa santuri yake, nikaifuata jukwaani, nikaisahau mlangoni. Ewe kijana unayepiga ala leo, ukijifunza kumwachia mwenzako nafasi katika wimbo, usiiache elimu hiyo ukumbini. Ichukue nyumbani, na mtu akikuletea ujumbe, nenda mara ya kwanza.